Ombi la Kununua Boti ya Kubarizi Bila Kamati

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Manunuzi Makubwa ya Familia
(ambaye pia ni Dada Mkubwa),
Nyumba yenye geti la bluu.

YAHUSU: MALALAMIKO DHIDI YA KAMATI KUHUSU BOTI YANGU, AMBAYO BADO SIJAINUNUA

Dada, shikamoo.

Nakuandikia kwa heshima zote, na nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia nisubiri kidogo, halafu unaniacha hewani nikisikiliza redio ya jikoni kwako. Mimi ni mdogo wako wa tatu, fundi lifti mstaafu, mwombaji wa boti. Najitambulisha kwa sababu katika kikao kilichopita nilinyoosha mkono mara nne na hukuniona.

Kwa faida ya wajumbe waliokuwa wanasinzia: ninachotaka si meli. Ni boti ya kubarizi, tena ya mtumba, inayouzwa na yule bwana mwenye yadi kando ya ziwa. Ni sakafu bapa iliyolazwa juu ya mapipa mawili marefu ya alumini. Ina uzio wa kufika kiunoni, viti vya sponji, turubai la kivuli na injini ndogo kwa nyuma. Haina haraka na mtu. Yenyewe inaelea, wewe unakaa. Bei yake inaenea kwenye kiinua mgongo changu na kinabaki cha kuishi nacho bila kuombaomba. Tatizo ni kwamba daktari wa meno mmoja ameshaikodolea macho, na muuzaji amekubali kunishikia mpaka Alhamisi tu.

Kanuni naijua. Hakuna mtu wa ukoo huu anayenunua kitu kikubwa kuliko friji bila Kamati kukikagua. Najua pia kwamba ilitungwa kwa ajili yangu, baada ya lile jenereta nililonunua kukutwa ni bodi tupu lililojazwa mchanga. Nilikuwa kijana, Dada. Lilikuwa zito, nikadhani ndiyo nguvu zenyewe. Lakini kifungo cha miaka ishirini na minane kwa ndoo mbili za mchanga, jamani, hata hakimu angeona haya. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Kikao kilikubaliana waende wajumbe watatu. Walikwenda kumi na mmoja, wote wamevaa nguo za kutokea. Muuzaji alidhani wamekuja kuposa, na simlaumu, maana Shangazi alikataa katakata bei isitajwe siku ya kwanza. Alisema haraka ya nini, kwanza tujuane. Yule bwana akaulizwa boti ilitoka kwa nani, iliachwa kwa sababu gani, na kama huyo aliyeiacha ana kinyongo nayo. Kisha Shangazi akaizunguka akigonga mapipa kwa kidole kama anachagua tikiti maji sokoni, akatangaza kwamba la kushoto limeiva. Mpaka leo hakuna anayejua alimaanisha nini, lakini limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na limepigiwa mhuri.

2. Mume wako, shemeji yangu mpendwa, ambaye ameendesha malori maisha yake yote na hakuna asichokijua, ametoa masharti ya usalama. Ziwekwe grili za chuma pande zote na kufuli tatu, wezi wamezidi. Turubai litolewe yapigwe mabati, kwa kuwa turubai linamkumbusha misiba. Na lifungwe tangi la maji la lita elfu moja, kwa sababu mtu hajui lini maji yatakatika. Dada, ni ziwa. Nilipopiga hesabu ya uzito nikakuta boti hiyo itakuwa imeshafika chini kabla mimi sijapanda. Kwa upande wa wezi, hapo nakubali, hawataipata ng'o.

3. Kaka yetu muuza vipuri, yule tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kujibu swali kwa neno moja, alileta pendekezo mbadala. Ninunue viti sita vya plastiki nikakae ukingoni, eti maji ni yale yale. Alipigiwa makofi. Hata wewe ulipiga, nilikuona. Kwa mantiki hiyo Profesa na auze gari lake akasimame barabarani, maana lami ni ile ile.

4. Kibao cha boti kinasema watu wanane. Mimi nimeletewa orodha ya abiria kumi na wanne na wafanyakazi wawili, imepigwa chapa, ina nakala. Shangazi yuko kivulini. Wewe umejipa kiti cha mbele, kile kinachozunguka. Shemeji yuko karibu na injini ili aweze kuikosoa. Waliozidi watapeana zamu, sijui wakiwa wanaogelea. Mimi nimeandikwa "dereva". Mke wangu ameandikwa "usafi na huduma ya kwanza". Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nyinyi mmejaza manahodha na chombo chenyewe bado kiko dukani! Nimetengeneza lifti miaka thelathini na moja. Kwenye lifti, akizidi mtu mmoja kengele inalia na mlango haufungi, na hakuna anayeuliza huyo aliyezidi ni shangazi wa nani.

5. Hili ndilo hasa. Hayo mengine nilikuwa nanoa kalamu.

Unajua mke wangu ni muuguzi, na unajua alikuwa zamu za usiku. Mimi nilikuwa naitwa saa yoyote kutoa watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa. Yeye akiingia, mimi natoka. Watoto watatu tumewalea kwa vikaratasi vya kubandika kwenye friji: huyu amekohoa, huyu kalipiwa shule, gesi imekwisha. Siku ya kwanza ya kustaafu kwetu nilikaa naye mezani asubuhi nzima, nikaona anakunywa chai bila sukari. Nikamuuliza tangu lini. Akasema mwaka wa tisa huu. Iliniuma, Dada, sikufichi. Niliingia bafuni nikafungua bomba nisisikike.

Tangu siku hiyo nataka kukaa na mke wangu. Sina jingine. Lakini ndugu wamesikia tumestaafu, na kwenu nyinyi mstaafu ni mtu asiye na udhuru. Hatujamaliza kikombe kimoja bila geti kugongwa. Huyu anaomba kuchaji simu, huyu amekuja kupumzika kwa sababu kwake kuna wageni, na wewe mwenyewe, samahani, Jumanne ulikuja kuangalia kama tuna wageni. Nimetafuta mahali pasipo na geti la kugongwa. Nchi kavu nzima hapapo.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu yafuatayo, kwa mpangilio ambao Kamati itaweza kuuvumilia. Kwanza, Kamati ijitoe katika suala hili. Kama haiwezi, basi itambue kwamba mamlaka yake yanaishia pale maji yanapoanza, kwa kuwa kanuni inazungumzia vitu "vitakavyoingia nyumbani", na boti haitaingia nyumbani labda tupatwe na gharika. Kama ziwa nalo ni mali ya Kamati, naomba nitolewe kwenye ukoo kwa muda, Jumapili tu, kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama, na Jumatatu nirudishwe bila maswali. Na kama hata hilo haliwezekani, nitaunda Kamati yangu yenye wajumbe wawili, na akidi itatimia sote wawili tukiwa tumeketi.

Mwisho, kuhusu ukaguzi. Injini hiyo nimeisikiliza kwa masikio yangu mwenyewe. Mtu aliyekabidhiwa roho za watu ghorofa ya kumi na mbili hahitaji msafara wa watu kumi na mmoja kumwambia hiki kizima, hiki kibovu. Siihitaji Kamati, Mheshimiwa, na siioni siku nitakayokuja kuihitaji.

Nabaki kuwa mdogo wako mtiifu katika mambo yote ya nchi kavu. Nisalimie Shemeji, mwambie mgongo wake ukimsumbua asibebe tena magunia peke yake. Nisalimie Shangazi, na Profesa, na wajumbe wote kumi na mmoja, na wale watatu walioongezwa kwenye orodha ambao hata siwafahamu. Wote nawapenda, tena nawapenda zaidi wakiwa kwao.

Ni mimi,
Fundi Lifti (Mstaafu)

Nyongeza: Dada, barua hii niliiandika Jumatatu nikaikunja mfukoni, nikakosa ubavu wa kuileta. Alhamisi nikaenda kulipia boti. Ndiyo, peke yangu. Leo ni Jumapili, saa nne asubuhi, naipiga picha karatasi moja moja na kukutumia kwa sababu naona aibu kulisema kwa mdomo: tuko katikati ya ziwa na injini imezima. Nimeifungua, nimeifunga, nimeibembeleza, nimeitukana. Tafadhali itisha Kamati yote. Shemeji aje na ile kamba yake ya kuvutia malori, Profesa aje na plagi, na wengine waje na mitumbwi ya kutuvuta, maana kidole kimoja hakivunji chawa, na hilo liandikwe kwenye kumbukumbu kwamba nimelisema mimi. Mtanicheka, chekeni, ila mje.

Kabla sijatuma nimemsomea mke wangu. Amevua viatu, ametoa miguu nje ya uzio, na amenimiminia chai kutoka kwenye chupa. Anawashukuru sana kwa moyo wenu, na anawaomba msifike kabla ya saa kumi na moja jioni.