Sanduku Lililoirudisha Posa

Ajlun, Jumamosi

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Kompyuta,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa hasira zinazofuata. Mimi ni Mutlaq, mwenye kinu cha zeituni. Uliandika kwamba kompyuta hulindwa na kuta za moto za aina mbili: sanduku linalowekwa pale mtandao unapoingilia nyumbani, likalinda vyombo vyote, au programu inayokaa ndani ya kompyuta moja na kuilinda hiyo tu. Ukasema tuchague. Kwa kuwa virusi vilishakula hesabu za wateja wangu, nilichagua sanduku, na binti yangu Rawiya, anayesomea mambo hayo chuoni, akalifunga. Sasa posa yake imevunjika na wa kujibu ni wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sanduku halina adabu. Kwetu mgeni haulizwi shida yake mpaka siku tatu zipite. Hili humuuliza jina akiwa bado anavua viatu, na lisipomjua humnyima mtandao. Shemeji yangu alinitania mbele za watu, "Mutlaq, umeweka askari wa mpakani sebuleni?"

2. Halijui posa. Alhamisi wazee wa upande wa kijana walikuja kumposa Rawiya, wakiongozwa na Haji Dhaifallah. Kama ilivyo desturi, Haji aliweka kikombe chake cha kahawa chini; hakinywi mpaka nikubali. Baba wa kijana yuko kazini Kuwait, ikabidi aonekane kwa simu ya video. Akatokea, akafungua kinywa, akakatika. Akapigiwa tena, akakatika. Haji akanigeukia: "Abu Rawiya, kama hutaki, sema hutaki! Usitufungie mlango kwa mitambo." Wakaondoka. Kahawa ikapoa, na ule wali wa kondoo mzima tunaula mpaka leo.

3. Programu ingekuwa afadhali mara mia. Ingekaa kinuni ndani ya kompyuta yake, isijue mambo ya sebuleni. Mlinzi wa ghala ana kazi gani kwenye barza ya wageni? Kwa nini hukuliandika hilo kwa herufi kubwa?

4. Rawiya hasemi nami. Nimekuwa baba aliyemharibia mwanawe, na inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba uchapishe kwamba masanduku hayo yapigwe marufuku katika kila nyumba yenye binti wa kuolewa. Pia uje mwenyewe, na kanzu safi, uongoze wazee wangu kwenda kumwomba radhi Haji, na usiguse kahawa yake mpaka atusamehe. Ukikosa nafasi, aje mhariri mkuu.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata yule wa utabiri wa mvua, ingawa naye nina kesi naye.

Wako katika fedheha,
Mutlaq, Abu Rawiya

Tanbihi: Usije. Nilimpelekea Rawiya barua hii anisahihishie. Akacheka, kisha akalia. "Baba, sanduku halina kosa. Mimi ndiye niliyeliamuru likate simu za Kuwait. Mmemuuliza baba wa kijana, mmewauliza wajomba, mpaka jirani mmemuuliza. Mimi nani aliniuliza?" Haji ametuma habari kwamba wamepoa na watarudi Jumatatu. Nitamwambia hapana kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila mbele ya wageni mimi ni mwoga, kwa hiyo nimenunua na programu: ulimi ukinikwama, mitambo miwili iwafungie mlango.