Jino la Mama Mkwe

Aibu imenikuta leo mchana kweupe, mashahidi benchi zima. Naiandika mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Chemchem hawajaitia chumvi.

Kazi yangu mnaijua: nachemsha vyombo kwenye chumba cha meno. (Darasa la nne, msitegemee makubwa.) Malalamiko ya wagonjwa pia mnayajua: jino linazibwa, mwezi haujaisha, dawa imedondokea kwenye ugali. Mimi nikawa nawaza, labda nakosea, kwamba mchawi ni mate. Kiraka cha baiskeli hakishiki mpira uliolowa, sembuse dawa kwenye tundu lililolowa? Nimelisema hilo mpaka leo Bwana Mganga Nassoro, mkubwa wangu wa chumba cha meno, akachoka.

"Mgonjwa anayefuata ziba wewe," akasema. "Likishika, utaendelea kuziba. Likitoka, rudi kwenye masufuria yako, na habari za mate nisizisikie tena."

Nikaita anayefuata. Akaingia mama mkwe!

Jamani! Sisi Wanyamwezi mkwe hatumtazami usoni. Nikimwona njiani naingia majanini mpaka apite. Leo nimtie vidole mdomoni? Nikageukia ukuta. Yeye akajifunika kanga.

"Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa," Bwana Mganga akasema. (Ni mtu wa Pwani, nisimlaumu.)

Mama mkwe akamjibu yeye, si mimi: "Mwambie mkwe wangu nimetoka Tura kwa treni. Kazi ya shamba la kijiji nimeshaiombea ruhusa mara mbili kwa jino hili hili. Ya tatu nimepewa kwa kusimangwa, ya nne sipati. Atazame jino. Uso aniachie."

Akajifunika mpaka puani, ukabaki mdomo tu. Nikakwangua tundu. Nikalizungushia pamba niliyoisokota kama utambi. Nikapuliza kwa kile kimpira cha kubinya hewa, nikabadili pamba, nikapuliza tena. Kavu! Dawa nikaikoroga, nikaitia, nikaanza kushindilia.

Hapo kanga ikateleza. Macho kwa macho!

Nikageukia ukuta upesi (kichwa tu, mkono niliuacha kazini). Nikaendelea kushindilia kwa kupapasa. Dawa ilipokauka nikajiona daktari kamili. Nikafungua mlango, wala hakuna aliyenituma, nikawaita wa kwenye benchi:

"Njooni mwone jino lililozibwa likazibika!"

Wakaja wote. Mama mkwe akafumbua mdomo. Utambi wa pamba ukaning'inia mpaka kidevuni, ncha ya pili imeganda ndani ya dawa!

Balozi wetu wa nyumba kumi akauliza: "Ndugu, umemziba mama jino, au umemwotesha ndevu?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani kuingia kwenye sufuria la vyombo na kujifunika.

Bwana Mganga akashika pamba kwa koleo, akavuta. Jino tuli. Akaegemeza mguu kwenye kiti, akavuta tena. Mama mkwe akainuka pamoja na pamba.

"Taratibu, baba! Kichwa bado nakihitaji!"

Pamba ikakatika. Dawa haikutikisika! Bwana Mganga akaigonga, akaichokonoa kila upande, akainama, akaichokonoa tena. Benchi zima limenyoosha shingo, mimi nauangalia ukuta.

"Limeshika," akasema. Akasema pia, na ni haki niandike, kwamba kumwachia mgonjwa pamba ndani ya dawa ni uzembe, na jino hilo ataliangalia yeye mwenyewe kila mama akija mjini. Akasawazisha palipobaki nyuzi. Halafu: "Kesho utaziba tena. Ila utatazama."

Mama mkwe akapita nyuma yangu, kajifunika kanga, akawaambia wa kwenye benchi: "Mwambieni mkwe wangu anaziba vizuri, kwa mtu anayetazama ukuta."

Nimefurahi mpaka chakula hakipiti. Mwenye kucheka na acheke amefumba mdomo. Akifumbua tu, nitaona matundu.