Siku Mtani Wangu Aliposema Kweli

Leo sina pa kuuweka uso. Naandika mwenyewe kabla video haijawafikia kwenye magrupu, maana itafika tu.

Mnaonifahamu mnajua mimi ndiye daktari mkuu wa ile kliniki ya wanyama wasio na wenyewe hapa Tabora. (Mkuu wa madaktari wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi.) Tunatibu kwa bei ya chini, tunachanja, tunahasi, na uani tuna mbwa kumi na tisa, paka wanaobadilika idadi kila siku, na punda wawili waliotupwa baada ya kuchoka kuvuta mikokoteni ya maji. Jengo si letu. Ni ghala la zamani la asali, na mzee aliyetuachia tulitumie bure alifariki mwaka jana. Warithi wake watatu walikuwa hawajaamua: tubaki, au wabomoe wajenge fremu za maduka. Leo asubuhi ndiyo walikuwa wanakuja kututazama kazini, kisha waamue.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu Mzee Kashindye. Ndiye msaidizi wangu. Anashika wanyama, ananyoa manyoya, anachemsha vifaa. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Watani tangu enzi za misafara ya wapagazi kwenda pwani, na huyu mzee anatania kana kwamba msafara umeondoka jana. Aliwahi kunipigia simu alfajiri kwamba mbwa wote wametoroka, wako relini. Nikakimbia na kanga mpaka kazini, nikawakuta wamelala. Aliwahi kumwambia mfugaji mmoja wa kijijini Choma kwamba daktari wa hapa ni Mzaramo, hajui kutofautisha mbuzi na kondoo, kwa hiyo mgonjwa aje na barua. Yule bwana akaja kweli na barua ya mtendaji wa kijiji, ina muhuri, imeandikwa: "Huyu ni mbuzi." Wiki iliyopita Kashindye akaniapia kuwa friji la chanjo limekufa. "Leo sitanii, Daktari." Nikalia machozi mbele yake. Friji lilikuwa linanguruma tu vizuri, na mimi nikaapa kwamba hanipati tena.

Wageni walitakiwa saa nne. Wakafika saa tatu kasoro, mimi bado natafuta koti lisilo na damu. Dada mkubwa ni Bi Mwanaidi, mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache. Alikuja na wadogo zake wawili wa kiume, yule wa mwisho simu haimtoki mkononi. Nikawaamkia, nikawatembeza. Punda mmoja akaanza kuutafuna ushungi wa Bi Mwanaidi, nikafumba macho. Nilipoyafumbua nikakuta anacheka. Akasema marehemu baba yake alikuwa akizungumza na punda wake kila asubuhi, na punda wakimsikiliza kuliko watoto. Hapo nikajua jengo tumepata.

Basi akaingia mama mmoja wa mtaa wa Chemchem na paka mweupe kwenye kikapu. Alikuwa amemwokota jalalani. Akasema ni jike, sasa kanenepa, na yeye hataki kuzaliwa paka ndani ya nyumba. Nikaona Mungu kaniletea. Kumfunga kizazi paka jike ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, dakika ishirini nimemaliza. Nikawaalika wageni waingie watazame. (Hakuna aliyeniomba. Likumbukeni hilo.)

Nilipaswa kuinua mkia kwanza. Ndilo jambo la kwanza kabisa tunalofundishwa. Sikuinua. Hata sikio lake lilikuwa halina ncha, na sisi wenyewe ndio tunaokata ncha ya sikio la kila paka tuliyekwisha kumfanyia upasuaji huu. Nikajiambia atakuwa amepigana. Mama kasema jike, tumbo linasema jike, wageni wamesimama. Nikampiga sindano ya usingizi.

Kashindye akamnyoa tumbo. Katikati ya kunyoa akasimama.

"Daktari, huyu ni dume. Tena ulimhasi mwenyewe kabla ya Ramadhani." Akakunja mkono wa shati akanionyesha kovu. "Kucha zake hizi hapa."

Nikacheka. Nikawageukia wageni nikawaeleza kwamba wasimjali, huyu ni mtani wangu, na tangu babu zake washushe mizigo Bagamoyo hakuna Mnyamwezi aliyewahi kumwambia Mzaramo ukweli. Wageni wakacheka sana. Jamani, raha niliyoisikia.

"Leo sitanii," akasema.

"Najua," nikamjibu. "Na friji limekufa."

Nikapasua.

Mwanzoni nilikuwa natoa somo. Nikawaambia kizazi cha paka ni chembamba kama kamba ya kiatu, sasa hivi nawaonyesha. Nikatafuta kulia. Hamna. Nikatafuta kushoto. Hamna. Nikawaambia kwa baadhi ya paka hujificha kidogo. Nikaongeza mkato. Nikakuta utumbo, nikakuta kibofu, nikakuta mafuta mengi mno. Jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Nikasema hii ni hali adimu sana. (Niliisema kwa sauti ya kitaalamu. Iko kwenye video.) Dakika arobaini. Kashindye ameshika taa, anatazama dari.

Ndipo Bi Mwanaidi alipokohoa kidogo.

"Samahani, mwanangu, mimi si mtaalamu. Lile alilosema mzee, ulishaliangalia?"

Nikainua kitambaa. Nikainua mkia. Nikatazama kwa makini, kama nilivyotakiwa kutazama saa nzima iliyopita.

Dume. Dume asiye na shaka yoyote, mwenye ngozi iliyobaki tupu pale nilipomtoa korodani kwa mikono yangu hii.

Yule mama wa Chemchem akauliza kama ina maana paka hana mimba. Nikamwambia hana, mama, wala hatakuwa nayo. Kisha nikamshona yule paka wa watu, nyuzi zangu nzuri kuliko zote maishani, huku machozi yakidondokea ndani ya barakoa. Yuko salama. Ameamka, amekunywa maji, amenitazama kwa dharau ninayostahili.

Bi Mwanaidi alinishukuru kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniumiza. Kashindye akawasindikiza hadi getini. Wakasimama pale muda mrefu, mimi nachungulia dirishani kama mshtakiwa. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Daktari, wamesema tuondoke mwisho wa mwezi. Wameona haya kukwambia wewe."

Nikacheka. Wallahi nilicheka, nikampiga begani, nikamwambia mtani, umenipata mara moja, leo hiihii hunipati mara ya pili. Nikacheka kwa nguvu, maana nilikuwa nauhitaji sana utani huo uwe utani. Nikamngoja na yeye acheke.

Hakucheka. Akatoka kwenda uani, akaanza kupita kizimba kimoja baada ya kingine, anawatazama wale mbwa mmoja mmoja na kuwaita majina yao. Nikamfuata. Nikamkuta kwa punda, anajifuta macho kwa kofia.

Mbwa kumi na tisa, punda wawili, na paka. Na kosa si la warithi, si la mama wa Chemchem, si la mzee aliyeniambia mara mbili kwa Kiswahili safi. Ni la mtu aliyeogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kukosea.

Kwa hiyo nawaomba msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia aje na kamba, achukue mbwa mmoja, akamalizie kucheka naye nyumbani kwake.