Siku Niliyoacha Kukoroma

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya mkwe wangu.

Mnajua ninavyokoromaga. Wavuvi wa Mwigobero wanasema ukungu ukiwafunika ziwani wanafuata sauti yangu mpaka nchi kavu. (Waongo. Nyumba yangu haitazami hata ziwa.) Lakini si kukoroma tu. Nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, halafu nashtuka nikitweta kama mtu aliyezama. Mchana nasinzia popote. Juzi nilisinzia nikipepeta mchele, kuku wakaula wote.

Binti yangu Wegesa, mwalimu kule Bunda, akanipeleka Nairobi. Daktari akasema nilale na mashine inayopuliza hewa puani, ili koo lisijifunge. Mwanangu Mugendi anayesoma Ulaya akaituma. (Zamani tulipanga foleni siku nzima kwa kipande cha sabuni. Siku hizi hata upepo unatoka nje ya nchi.)

Wegesa akaweka sharti: "Mama, usipoivaa unahamia kwangu. Siwezi kukuacha ufe peke yako usingizini."

Kwake ni kwa mume wake. Mimi nikaishi nyumba moja na mkwe? Nipishane naye nikitoka kuoga? Heri nilale na ndoo kichwani.

Basi leo baada ya chakula cha mchana akaja mkwe mwenyewe, Magesa, fundi umeme, kufunga soketi na kunielekeza. Wegesa angefuata akitoka shule. Soketi aliifunga mimi nikiwa jikoni. Halafu ikawa kazi, maana kwetu mkwe hamwoni mama mkwe amelala, na kumgusa ndiyo kabisa. Nikajifungia chumbani. Yeye akasimama nje ya dirisha, ameupa mgongo ukuta, anasoma maelekezo.

"Mama, kile kikombe cha mpira kifunike pua."

"Kiko sikioni."

"Basi umegeuza, mama. Zungusha."

"Nimezungusha. Sasa sioni."

"Mama, naomba nikamwite jirani akusaidie."

"Jirani ana dagaa wake wa kuanika. Wewe soma."

Mwishowe kikakaa. Joto lilikuwa kali, nikavua gauni nikabaki na shimizi. Nikabonyeza. Nikafungua mdomo nimwambie imewaka, hewa yote ikatokea mdomoni, nikalia kama chura. Nje kimya. (Alikuwa anacheka, namjua. Ukoo wao wote wanachekaga kwa mabega.)

"Funga mdomo, mama. Jilaze kidogo tuijaribu."

Nikajilaza. Wenzangu, nililala. Usingizi wa namna ile niliuacha kwa mama yangu.

Kumbe huko nje Magesa anasubiri nikorome. Sikoromi. Akaita, "Mama?" Kimya. Akagonga dirisha. Kimya. Mtu mwingine angeingia aone. Yeye, na heshima zake, akakimbilia kwa jirani, mama Zuhura: "Njoo uangalie, mama mkwe wangu hakoromi."

Hilo lilitosha. Mama Zuhura akatupa ungo wa dagaa, akaanza kulia kabla hajafika. Waliosikia wakaja wakilia pia. Mlango wakausukuma mpaka komeo likang'oka.

Nikafumbua macho. Juu yangu mama Zuhura, Juma fundi cherehani, Nyabuchwa wa Mugeta aliyekuja kuuza mbuzi, na mzee Maregesi ameshika kofia kifuani. Mimi shimizi, na bomba usoni kama mkonga wa tembo. Mlangoni Magesa amepiga magoti, uso kaugeuzia ukutani, analia: "Nisamehe mama, nimekuua."

Nikataka kumwambia niko mzima. Ukatoka ule mlio wa chura. Mzee Maregesi ndiye aliyetangulia kukimbia, na fimbo yake akaiacha.

Jioni Wegesa akashuka stendi, akapewa pole ya kufiwa. Alifika hapa hana viatu. Alipomaliza kunikumbatia akaanza: "Umenitisha sana. Kesho tunahama."

"Sharti lilikuwa nini?"

"Uvae mashine."

"Nimevaa?"

Akaitazama mashine kitandani.

"Kaulize mtaa mzima. Wameniona nimevaa, na nilichokuwa sijavaa wamekiona pia."

Magesa, nje ya dirisha, akasema, "Mama amevaa kweli." Hapo mabega nikayaona yakitikisika.

Kwa hiyo sihami. Komeo atalirudisha Juma, maana bega lake ndilo lililoling'oa. Na nyie mnaotaka kucheka, chekeni polepole, nalala.