Uzito wa Mbele

Jumapili, 2 Februari

Leo baada ya ibada Wakonyo ametamka neno zito. Amesimama nje ya kanisa letu hapa Chaka, akatutazama mimi na Theuri kwa zamu. Ati mwewe anammalizia vifaranga. Ati Jumamosi kaka zake wanakuja kutoka Kangema, na yule atakayemwondolea huyo mwewe ataketi nao mezani ale kuku.

Kuketi na kaka zake! Mwanamke wa huku hakuketishi na kaka zake ili ushibe. Anakuketisha ili utazamwe. Nimempenda Wakonyo tangu siku alipoleta simu kwenye kibanda changu ikiwa imejaa vumbi la chakula cha kuku, na sijawahi kumwambia.

Theuri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kiganjo, amesema ataleta wavu. Wavu! Anadhani tunacheza mpira. Nami, kabla sijajijua, nikasema nitaunda ndege. Ya rimoti. Imfukuze mwewe hukohuko juu kwake.

Wakonyo ameuliza nimeshaunda ngapi. Nimejibu kwamba mimi hata sihesabu. Ni kweli. Hakuna cha kuhesabu.

Jumanne, 4 Februari

Kazi imeanza. Kibanda nimekifunga, wenye simu mbovu wangoje. Mota, propela na rimoti nimevipata kwa jamaa mmoja wa Nyeri mjini anayefungua droni zilizokufa. Mabawa nimeyakata kutoka lile povu jeupe gumu lililokuja ndani ya boksi la televisheni mpya ya dada yangu Kagure. Vyuma vya kuyatia nguvu vimetoka kwenye mwavuli wake wa kanisani. Kagure, ambaye naishi kwake kwa muda (tangu harusi ya binamu yetu, na mtoto wa binamu sasa anasoma), ameuliza mwavuli uko wapi. Nimemwambia Februari haina mvua.

Betri ni nzito kama tofali. Nimeiweka nyuma, karibu na mkia. Gari hubeba mzigo kwenye buti, si kwenye boneti. Mimi hufikiria vitu.

Jumatano, 5 Februari

Kagure ameinyanyua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa akitafuta mwavuli wake. Pua ikaenda juu, mkia ukaenda chini. Amesema imekaa kama kuku anayetaka kutaga. Nimemweleza kwa upole kwamba hiyo ni hamu ya kupaa. Amekwenda jikoni akitikisa kichwa. Nyumbani sieleweki.

Nimempigia Abdiweli wa Nanyuki. Yeye huuza ng'ombe, lakini siku zake za kupumzika hurusha ndege za rimoti, na wapo wanaosema hakuna anayemfikia. Nimempata mnadani, ng'ombe wanalia, mtandao unakatika kila sekunde. Hata hivyo nimeshika mambo mawili.

La kwanza: "Moffat, mbele lazima ikuwe na uzito. Kama hakuna uzito huko mbele, itapanda juu halafu ianguke."

Nimemwelewa papo hapo. Mtu wa mnada anajua shughuli zinavyoendeshwa. Bila watu wazito mstari wa mbele, jambo lako haliinuki! Hata choo cha shule hakifunguliwi huku bila mtu mzito kukata utepe. Ningejuaje kwamba na ndege ni vivyo hivyo?

La pili limenishtua: "Ikigeuka ikuje kwako, kushoto inakuwa kulia."

Kulia! Nimeuliza, kulia kwa nini, nani amekufa? Mtandao ukakatika. Basi. Nikigusa kushoto ni machozi. Kushoto sitagusa hata kwa dawa. Sitaki kulia mbele ya Wakonyo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimezunguka Chaka yote nikitafuta uzito. Naibu wa chifu alisema ana kazi nyingi, mpaka aliposikia kuna kuku. Mchungaji vilevile. Bi Murugi, mwenyekiti wa mradi wa maji, alitaka kwanza kujua nani mwingine ataketi mbele, na kama atapewa nafasi ya kusema machache. Atapewa! Akina mama wa kanisa wameniazima hema na viti, baada ya Kagure kuniombea. Wazito watatu, pamoja na kaka za Wakonyo. Ndege yenye mbele kama hiyo haijawahi kuonekana eneo letu lote la Kieni.

Watu wazito huvikwa mashada, yale ya karatasi za kumetameta. Moja limebaki. Nimeona ndege nayo ni mgeni wa heshima, ivikwe. Mbele propela ingelila, kwa hivyo nimelifunga mkiani, mafundo matano. Linapendeza sana.

Theuri amepita kibandani. Ameuliza kama nimeijaribu. Kuijaribu! Nani huonja keki ya harusi kabla ya harusi? Akautazama mkia, akaupima uzito kwa kiganja, akauachia. Wivu humpata mtu hivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine umedonolewa na jogoo.

Mambo yalianza vizuri mno pale nyumbani kwa Wakonyo. Mlima ulikuwa wazi kabisa, bila wingu. Wakonyo alivaa gauni la kijani na kuniletea chai mimi kwanza, Theuri baadaye. Nimeandika hilo ili nisilisahau. Vifaranga walikuwa nje wanachakura, mwewe juu ya mti wa mgrevilea anawahesabu. Wazito wakaketi mbele na mashada yao. Mchungaji aliomba, akaombea ndege, akaombea na betri. Naibu wa chifu aliongea juu ya usalama, pombe haramu na ng'ombe wasiofungwa. Bi Murugi alisema machache. Machache yake yakaivisha kuku walioinjikwa baada ya yeye kusimama. Munene, kaka mkubwa wa Wakonyo, suti ya kijivu, mtu asiyecheka, akauliza kama hii ndege inaenda au tunaichumbia.

Nikairusha.

Ilipanda! Wee! Pua juu moja kwa moja, shada linang'aa, akina mama wakapiga vigelegele. Nikamtazama Wakonyo. Alikuwa anatabasamu, na alikuwa ananitabasamia mimi, si mbingu. Nilipotazama tena juu, ndege ilikuwa imesimama wima hewani, haiendi mbele wala nyuma, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Halafu ikaangukia mkia, ikapinduka, ikageuka, ikaja kwetu.

Hema lilikuwa mkono wangu wa kushoto. Ndege ikaanza kulielekea. Nikabonyeza kulia niiondoe huko. Ikazidi kwenda hemani. Nikabonyeza kulia kwa nguvu zangu zote. Ikaongeza mwendo! Theuri anapiga kelele, ati, "Kushoto, Moffat! Bonyeza kushoto!" Adui! Mbele ya mwanamke nimpendaye, anataka nilie.

Mchungaji aliruka. Sikujua mtu wa mwili ule anaweza. Naibu wa chifu aliingia chini ya meza ambako Bi Murugi alikuwa tayari. Ndege ikatua kwenye sufuria ya kuku, na mchuzi wote ukammwagikia Munene kwenye suti. Kuku walio hai wakavunja mlango wa banda wakatawanyika. Jogoo akanipata mimi. Na katikati ya hayo yote mwewe akashuka bila haraka, akachukua kifaranga mmoja, akarudi mtini.

Theuri akautupa wavu wake juu ya vifaranga waliobaki. Wakatulia hapo chini, salama, mwewe anawatazama tu. Wakonyo alimshika Theuri mkono. Mimi hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Theuri ameketi na kaka za Wakonyo. Kuku hakuwepo, walikula ugali na sukuma. Mimi nilikunja viti.

Jumatatu, 10 Februari

Abdiweli amepiga kuuliza ndege ilirukaje. Nimemweleza: ilipanda juu halafu ikaanguka. Akauliza kama nilitia uzito mbele. Nimemwambia nilitia, tena mwingi. Akauliza ni uzito gani. Nikasema mchungaji, naibu wa chifu, mwenyekiti wa mradi wa maji, pamoja na wageni wa Kangema.

Akaniomba nirudie orodha hiyo. Nilidhani ni mtandao. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba gramu themanini zingetosha.

Gramu themanini! Hakuna mtu wa gramu themanini. Nimemwambia mchungaji peke yake anapita kilo mia. Nikasikia kitu kama kilio, akaita watu wa mnadani waje wasikilize, simu ikakatika. Kumbe alisema kweli kuhusu kulia. Namhurumia.

Mwewe naye amelichukua shada langu. Amelipamba kiota chake, juu ya mgrevilea mwingine unaotazamana na kibanda. Jua likichomoza linanimulika usoni.

Jumapili, 23 Februari

Imetangazwa kanisani. Wazee wa Theuri wataenda kwa kina Wakonyo kuanza mambo ya ruracio, yaani mahari, mwezi ujao. Watu wakapiga makofi. Wakonyo aliinama akicheka, na alikuwa mzuri hata nikashindwa kumkasirikia. Nilikuwa nimeketi upande wa kulia wa kanisa, kwa tahadhari. Nililia vilevile. Kagure alinipa kitambaa chake bila kuuliza, halafu hakutaka nimrudishie.

Nje, Theuri amenifuata. Amenialika. Ati hana neno nami, nije tu, mradi nisije na kitu chenye mabawa. Wakonyo naye amenisalimia kwa mkono, akasema pole, akasema kabla ya kuanguka ilikuwa inapendeza. Ilikuwa inapendeza! Hayo ni maneno yake mwenyewe.

Mchana sikula. Nimelala nikitazama dari mpaka Kagure alipoanza kunisomea kutoka kwa simu yake majina ya wageni wa hiyo ruracio. Askofu atakuwepo. Watakuwepo wazee wote wa Kangema, mwakilishi wa wadi, na mkuu wa shule mstaafu.

Nikaketi.

Askofu! Sasa naona kosa langu lilikuwa wapi. Nilidhani nina uzito, kumbe nilikuwa na naibu. Naibu wa chifu! Ndege ilipanda kadiri ya cheo, ikakwama pale cheo kilipokwisha. Abdiweli alinieleza wazi, nami sikufikisha. Na sasa Theuri mwenyewe ananipangia mstari wa mbele ambao nisingeupata hata kwa kupiga magoti, na Wakonyo atakuwa pale pale akitazama juu.

Kagure amenunua friji. Boksi lake lina povu la kutosha ndege mbili. Nimeshaanza kukata, yeye yuko kwa akina mama. Mbele askofu. Mkiani mashada mawili. Na kushoto, hata Theuri apasuke koo, sigusi.