Wadudu Wanaonuka na Posa ya Irine

Jumapili, 6 Julai 2025

Kama mji wa Kilosa ungekuwa na mwenyewe, hati ingeandikwa jina langu. Mto Mkondoa ukifurika, mafundi wa reli huniuliza mimi kwanza maji yalipita wapi. Treni yenyewe hupunguza mwendo ikifika usawa wa nyumba yangu. Watu wanasema ni kwa sababu ya kona. Waache waseme.

Mtu wa namna hiyo leo amedhalilishwa na mdudu.

Dada Teresia amefika kutoka Kidete. Nikampa shikamoo yake, akaketi, akatoa habari. Binti yake Irine amepata mchumba. Kijana wa Kimaasai, anaitwa Kaelo, fundi wa matrekta kule Kilangali. Baba yake, Mzee Ngoitiko, anakuja Jumamosi na watu wake kuposa. Kwa hiyo wanakuja kwangu! Sisi kwetu mtoto ni wa mjomba. Hata baba yake Irine angekuwa hai, angekaa pembeni na kusubiri soda. Mjomba ndiye msemaji, na mjomba mkubwa ni mimi. Lukasi wa Mikumi naye ni mjomba, lakini alizaliwa nyuma yangu na huko huko atabaki.

Nikasimama kumwonyesha dada nitakavyoanza hotuba. Mdudu akadondoka kutoka darini, chubwi, kwenye chai yake. Ni wale bapa, rangi ya kahawia, mgongo kama ngao, waliokuwa kwenye mbaazi nyuma ya nyumba. Baridi ilipoingia wakaona nyumba nzuri kuliko zote ni yangu. Vijana wa stendi wanawaita wajambaji. Nikamtoa kwa kidole na kumponda juu ya meza, mbele ya dada, ili ajue nyumba ina mwanaume.

Teresia akaziba pua kwa kanga. Akasema nyumba inanuka, meza inanuka, na mimi nanuka. Akasema anakuja Ijumaa kukagua. Akikuta hali hii, posa inahamia Mikumi, na atakayesema ni Lukasi.

Lukasi! Kaweka vigae sakafuni, basi anajiona balozi.


Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wanapumzika. Mimi vitani.

Dawa ya kwanza: vitunguu saumu na pilipili kichaa, vimetwangwa pamoja, vikachanganywa na maji kwenye bomba la kupulizia mahindi. Hii dawa naijua. Mwaka 2009 nilimfukuza tembo kwa pilipili tatu tu. Alikuwa ametoka hifadhini kuja kula mihogo ya watu. Nilimtazama usoni, nikatafuna pilipili ya kwanza, nikamwonyesha ya pili. Alikimbia mpaka Ruaha. Ya tatu nilirudi nayo nyumbani.

Nikapulizia dirishani. Upepo, kwa ujinga wake, ukageuka. Nusu saa sikuona dunia. Mke wangu Domina akaniosha macho kwa maziwa huku akisema maneno ambayo siyaandiki. Nilipofumbua jicho moja, nikakuta wadudu kumi na wanne wametulia juu ya pazia lililolowa dawa, kama wako harusini.

Niliwaponda wote kumi na wanne. Kwa kiganja. Domina akasema, "Baba Frank, ukimponda ndiyo unamfungulia chupa yake." Nikamwambia aniachie mambo ya kitaalamu.


Jumanne, 8 Julai

Mwarobaini. Mti unaotibu maradhi arobaini utashindwa na kijidudu?

Nikachemsha majani tangu asubuhi. Sufuria ilikuwa ile kubwa ya ugali. Sikujua kwamba uchungu wa mwarobaini haubanduki. Sasa najua, na Domina anajua, na mafundi wawili wa reli waliokula kwetu mchana wanajua. Mmoja aliuliza kama tunamtibu malaria.

Nikapaka maji yale kwenye miimo ya milango na kuta zote. Kuta zimekuwa za kijani. Wadudu nao sasa wanaonekana vizuri zaidi, hilo nakubali. Nimewaponda thelathini na mmoja, alama zao zimebaki ukutani kama mihuri ya ofisi.

Jioni nilinusa nyumba nzima, chumba kwa chumba. Safi kabisa. Nikamwita Domina athibitishe. Akasimama mlangoni, akageuka, akaenda kukaa kwa jirani.

Wivu.


Jumatano, 9 Julai

Lukasi amenitumia ujumbe kwenye simu. Hajaombwa! Anasema eti kwake Mikumi waliingia mwaka jana, akawamaliza ndani ya siku tatu. Eti nichukue beseni la maji ya sabuni, niwapukutishe humo asubuhi wakiwa bado wamezubaa na baridi, watazama wenyewe. Eti nizibe nyufa. Na mwishoni kaandika: "Kaka, tafadhali usiwaponde."

Tafadhali! Mtu anakuchukulia nafasi yako mbele ya ukoo halafu anakwambia tafadhali.

Beseni la sabuni ni kazi ya kufua nepi. Nimekataa. Nimemjibu kwamba mimi nilikuwa naua wadudu yeye akiwa bado analilia nyonyo. La nyufa nilikuwa nimeshaliwaza mwenyewe kabla hajaandika, kwa hiyo hilo nimelifanya. Tope, magazeti na gundi ya fundi viatu. Kila ufa. Kila tundu. Hata chini ya mlango. Mpaka saa kumi, nyumba yangu ilikuwa imefungwa kama kopo la samaki.

Ndipo nikagundua kwamba wadudu walikuwa ndani.

Hawakuwa na pa kutokea. Wakaanza kuruka, wananigonga kichwani. Nimepigana nao kwa ndala mbili, mkono huku na mkono huku, mpaka mshipa umenibana kwapani. Domina alifungua mlango kwa teke kutoka nje. Aliporudi nyuma alikuwa anashika koo. Anatia chumvi kila kitu yule mwanamke.


Alhamisi, 10 Julai

Leo moshi. Wafugaji hawasumbuliwi na wadudu, nikajiuliza kwa nini. Nikapata jibu mwenyewe: moshi wa mavi ya ng'ombe. Na wakwe wanaokuja ni wafugaji, wataona nimewaandalia harufu ya nyumbani kwao. Akili ya namna hii haifundishwi shule. Mimi niliacha darasa la sita kwa hiari, kuwapa nafasi wenzangu.

Nikaokota mavi makavu njiani makundi yanakopita kwenda kunywa, gunia zima. Nikawasha kwenye karai katikati ya sebule, nikafunga mlango, nikakaa nje kwenye kigoda, mtu mzima ametulia.

Kosa langu ni moja tu, sikuwaambia majirani. Waliona moshi unatoka kwenye paa. Wakaja wote na ndoo. Niliwapigia kelele kwamba ni dawa, wakadhani nimechanganyikiwa kwa kuunguliwa na nyumba. Wawili walinishika mikono wakinipa pole. Wengine wakavunja kitasa, wakamwaga maji. Makochi yamelowa. Kitanda kimelowa. Mapazia ya Domina ya Pasaka yamekuwa na rangi ya chai.

Wadudu wako salama. Walijificha kwenye mikunjo ya koti langu la suti, pakavu.

 Domina alikaa kwenye ngazi, mikono magotini, akasema, "Keshokutwa mtoto wa watu anaposwa." Akaingia ndani kukamua mapazia.


Ijumaa, 11 Julai

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Teresia amekuja na Irine. Wamekuta makochi yamelala uani kama ng'ombe wagonjwa. Teresia hakuingia hata ndani. Alisimama kwenye kizingiti, akatoa simu, akasema anampigia Lukasi aandae Mikumi. Nikamwambia akibonyeza hiyo namba, undugu umekwisha. Akasema undugu umevunda tangu Jumapili. Tukabishana mbele ya majirani walewale wa ndoo. Mimi nilitaja vizazi vitatu vya ukoo. Yeye alitaja meza.

Irine ndiye aliyemaliza. Huyu mtoto nilimbeba begani akiwa na surua, kutoka Kidete mpaka hospitali, kwa miguu, kilomita mia mbili. Teresia anasema tulipanda treni. Irine akamshika mama yake mkono, akasema Mjomba Doto ni mjomba, wakwe waje hapahapa, na kama kuna harufu watakaa uani kwenye upepo.

Nilimwangalia Teresia. Nilimwangalia sana.

Kisha Irine akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji. Macho yake hayakuwa na mchezo. Akasema, "Mjomba, nakuomba kitu kimoja tu. Kesho ukimwona mdudu, mwache. Usimponde. Kwa ajili yangu." Nikaapa. Nikaapa kwa kaburi la bibi, kwa miguu yangu yote miwili, kwa treni. Akacheka kidogo, akaniamkia kwa kuaga, "Shikamoo mjomba." Marahaba, mwanangu.

Lukasi naye anakuja kesho, kama mgeni. Nimempangia stuli.


Jumamosi, 12 Julai

Naandika saa kumi na moja jioni. Wameondoka.

Asubuhi nyumba ilikuwa haina mdudu hata mmoja. Dawa zangu zote zilikuwa zimeungana. Nyuma ya jiko Domina alikuwa na beseni lenye maji ya sabuni na vitu vinavyoelea, sikuuliza.

Wageni walifika saa nne, wazee sita, shuka nyekundu, fimbo, adabu tele. Tuliwakalisha uani. Kaelo aliinamisha kichwa kwangu, nikamgusa utosini kama wanavyofanya kwao. Kijana mrefu, mpole, mikono ina grisi ya kazi. Nikampenda. Mzee Ngoitiko akaketi mbele yangu. Lukasi kwenye stuli. Irine ndani, anachungulia kwenye pazia.

Nikavaa koti langu la suti, nikasimama, nikaanza. Nilianza na historia ya reli. Nikaja kwenye mafuriko. Nikaja kwa tembo. Watu walikuwa kimya kabisa, Lukasi alikuwa hata amefumba macho kwa kuguswa.

Niliponyoosha mkono kuonyesha ukubwa wa tembo, akatoka kwenye mkono wa koti. Mmoja. Akaruka, akatua kwenye bega la Mzee Ngoitiko.

Nilijizuia. Mungu ananiona, nilijizuia. Nikaendelea na tembo. Mdudu akaanza kutembea. Taratibu, kwa dharau, akinitazama. Nikakumbuka tangi la maji. Nikakumbuka kiapo. Akapita kwenye fundo la shuka. Akafika shingoni. Akasimama, akapandisha kiguu kimoja, kama ananipungia.

Nilimpiga.

Nilimpiga kwa kiganja chote, kofi la wiki nzima. Fimbo ya mzee ilianguka. Kofia ya mzee ilianguka. Wazee watano wakasimama kwa pamoja. Kaelo akaja katikati. Kuku wakatawanyika wakipiga kelele.

Mzee Ngoitiko alijipapasa shingo. Akanusa vidole vyake. Uso ukajikunja. Akanusa tena, kama haamini. Kisha akasema polepole, Kiswahili kimenyooka, "Mzee Doto, sisi kwetu hutoa ng'ombe kwanza. Makofi huja ng'ombe wakionekana wachache."

Wakacheka. Wote. Lukasi alicheka mpaka stuli ikamwangusha. Teresia akatumia nafasi hiyo akamwinua Lukasi, akamwambia amalizie. Alimaliza kwa maneno ishirini, ya kitoto kabisa. Wakakubaliana. Irine ameposwa. Mahari itapokelewa Mikumi, kwa Lukasi, mwezi ujao. Mzee Ngoitiko aliomba hivyo mwenyewe, kwa heshima, kwa sababu ya shingo yake.

Irine hakucheka. Alikuja na birika na kipande cha sabuni, akaninawisha mikono kama mtoto. Mara tatu. Akasema, "Nilikuomba kitu kimoja, mjomba." Nikamwambia nilikuwa namwokoa mkwe wake. Akaninawisha mara ya nne.


Jumapili, 13 Julai

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, na nimeona kosa ni la mdudu, la Lukasi, na la shuka nyekundu ambazo zinavuta wadudu. Kofi langu lilikuwa sahihi. Lilikosa nguvu tu. Mwenye kumpiga vizuri hampi nafasi ya kunuka.

Mwezi ujao naenda Mikumi. Mwaliko haujasema nibaki nyumbani. Nitachukua bomba, pilipili ya safari hii iwe kilo mbili, na gunia la mavi. Lukasi hana mdudu, ndivyo anavyosema, lakini vigae vile haviwezi kukosa ufa. Nitaingia, nitafukiza, nitasafisha nyumba yake mbele ya wakwe, na Irine ataona nani ni mjomba.

Kuna mmoja hapa sasa hivi. Anatembea juu ya ukurasa.

Nimemponda, palepale juu ya neno Mikumi. Domina ameondoka mezani na sahani yake.

Nimenusa kiganja. Nimenusa tena. Jana Irine aliponinawisha aliniuliza kwa sauti ndogo kama mimi harufu ile siisikii, nikamjibu kwamba naisikia sana. Siisikii. Tangu yale mafua ya mwaka 2021 sisikii harufu ya kitu chochote, hata mboga ikiungua, na kila nilipozunguka nyumba hii nikinusa na kusema safi, nilikuwa navuta hewa tu.