Kamati ya Maginamu

"Inatangazwa kwa wawindaji wote wa Nachingwea na Ruangwa, wa zamani, wa sasa na watarajiwa, kuanzia Namungo hadi Mnero, kwamba Kamati ya Maoni ya Risasi Magnum, kwa kifupi KAMARIMA, itaketi Ruponda siku ya Jumamosi ndani ya ghala la korosho, kupokea maoni yenu kuhusu risasi ya magnum mia tatu sabini na tano kwa wanyama wakubwa. Njooni mseme bila woga. Soda ipo. Fulana zipo."

Tangazo hilo lilizungushwa vijijini na gari la spika mpaka mbuzi wakalizoea. Aliyeliandika ni Bwana Rogath, mwenyekiti wa kamati, na hakumruhusu mtu kuligusa hata nukta. Pale penye "bila woga" alipapenda sana. Alipasoma mbele ya kioo, akaona kweli pamekaa.

Tueleze jinsi mambo yalivyopangwa, maana yalipangwa vizuri. Tembo walikuwa wamehamia Ruponda. Hawakuja kutembea, walihamia. Walianza na mihogo ya Bibi Dionisia, wakaja kwenye mahindi yake, kisha wakasukuma ukuta wa jiko lake wakalamba na chumvi. Wananchi wakaenda ofisini kuomba askari wa wanyamapori waje na bunduki wapige hata hewani, wanyama wasikie. Ofisi ikajibu kwa upole kwamba bunduki ipo, tena ya magnum, nzuri sana, ila haina risasi. Risasi haziwezi kuagizwa kabla wadau hawajashirikishwa.

"Wadau wa risasi ni akina nani?" wakauliza.

Bibi Dionisia, ambaye jiko lake lilikuwa na upande mmoja tu uliobaki, akajibu kwamba wadau ni tembo. Akaambiwa akae. Wadau wa risasi ni wawindaji.

Hivyo ndivyo KAMARIMA ilivyozaliwa, na Bwana Rogath akawa mwenyekiti wake, kwa kuwa alikuwa mtu wa kaliba kubwa. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Alipenda kuyasema akiwa amesimama.

Kamati ilikuwa na malengo mawili. La kwanza liliandikwa kwenye bango, kukusanya maoni. La pili halikuandikwa popote, lakini ndilo lililomkosesha Bwana Rogath usingizi kwa furaha. Aliwaza hivi: mtu wa kijijini hana kibali cha kuwinda, na bunduki ya maana haijui. Akitokea mmoja anayejua magnum inavyolia, inavyopiga teke begani, inavyomlaza mbogo, huyo si mdau. Huyo ni jangili. Kwa hiyo unamwita kwa heshima, unampa soda, unamvika fulana, anaeleza vizuri, unamfunga pingu. Ushirikishwaji umefanyika na uhalifu umepungua, siku hiyo hiyo.

Na akipatikana jangili mmoja, mmoja tu, kiti cha mkoani Lindi kilikuwa chake. Kiti chenyewe alikuwa amekwisha kukiona. Kilikuwa na magurudumu. Siku moja mwenye kiti alipotoka kidogo, Bwana Rogath alikikalia akakizungusha mara moja, taratibu, akarudi kwenye benchi.

Fulana zilikuwa za njano, na mgongoni zimeandikwa MWINDAJI kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya shamba. Rangi ilichaguliwa kitaalamu. Askari nao waliombwa kutoka mbali, wasiomjua mtu yeyote Ruponda, wasije wakamwonea mtu huruma. Ili siri isivuje, Bwana Rogath hakukutana nao uso kwa uso. Alimpigia simu mkuu wao, mtu mmoja mzito aitwaye Titus.

"Mtajificha nyuma ya magunia matupu," alimwambia. "Mtakayemwona amevaa fulana, na akakiri kwa mdomo wake kwamba alipiga mnyama, mkamateni. Atasema yeye ni mkubwa fulani. Wote husema hivyo. Msimsikilize."

"Nimeelewa, mwenyekiti," akasema Titus, na kwa bahati mbaya alikuwa ameelewa kweli.

Jumamosi ghala lilijaa. Wazee walikuja, akina mama walikuja, walikuja hata waliosema wanapita tu. Bwana Rogath alipanda juu ya mzani wa korosho, maana ndilo jukwaa lililokuwepo, akawakaribisha wawindaji wajitambulishe.

Akasimama wa kwanza. "Naitwa Jumaa. Mimi si mwindaji. Ni kinyozi."

"Naitwa Marselina. Mimi si mwindaji. Nafundisha kwaya."

Wakaendelea hivyo benchi hadi benchi, mimi si mwindaji, mimi si mwindaji, mpaka ikafika zamu ya mzee mmoja mrefu, bega lake la kulia limeshuka kama la mtu aliyegongwa na mlango kwa miaka mingi. Bwana Rogath akaliona lile bega. Moyo ukamruka.

"Naitwa Bernardo," akasema mzee. "Mimi si mwindaji."

"Sasa mzee wangu unafanya kazi gani?"

"Nimeoa."

Ghala likacheka. Aliyeolewa alikuwa Bibi Dionisia mwenyewe, amekaa ubavuni mwa mumewe na kikapu cha muhogo wa kuchemsha mapajani. Yeye hakucheka. Miaka mingi nyuma Mzee Bernardo na magnum walifahamiana vizuri, na kibali hakikuwemo katika urafiki ule. Ruponda nzima ilikula ile nyama, ndiyo maana Ruponda nzima ilikuwa haijui kitu. Tatizo lilikuwa moja. Mzee yule aliweza kuvumilia njaa, jua na homa, ila hakuweza kuvumilia mtu anayekosea habari za bunduki.

Fulana zikagawiwa. Jumaa alisema njano inamwasha. Marselina alisema ataivaa Pasaka. Mzee Bernardo aliikunja ikawa mto, akaikalia.

"Jamani, ni vazi tu!" akasema Bwana Rogath. "Haliumi! Tazameni!" Akaivaa mwenyewe juu ya shati na tai, akajigeuza polepole ili wote wamwone mgongo. Ikampendeza. Akabaki nayo.

"Sasa tuingie kwenye mada. Magnum. Maoni yenu?"

Panya mmoja akapita kwenye boriti.

Bibi Dionisia akanyoosha mkono. "Mwanangu mwenyekiti, samahani, shule yangu ndogo. Hayo maginamu tunayoyazungumza, moja lake tunaliitaje? Ginamu?"

"Hapana, mama. Ni magnum. Moja ni magnum, nyingi ni magnum."

"Kumbe. Kama maji."

"Siyo kama maji! Ni risasi."

"Mimi nilidhani ni dawa mpya ya kupulizia mikorosho," akasema Jumaa. "Nimekuja na kidumu."

"Ginamu moja na maginamu mengi, mimi naona inakaa vizuri," akasema Marselina, na benchi lake lote likakubali. Mjadala wa ginamu ulichukua muda. Mwisho Bwana Rogath akakubali maginamu, ili kikao kiende.

"Haya! Hayo maginamu! Ni nani kati yenu anajua nguvu yake?" Akamkazia macho Mzee Bernardo. "Mzee, wewe kwa mfano. Tembo amekuja. Unampiga na risasi ya ncha laini, ya hii magnum, hapa begani. Analala palepale. Si ndiyo?"

Mzee Bernardo akafumba macho. Mishipa ya shingo ikamsimama. Ncha laini kwa tembo! Midomo ikafunguka, na kabla neno halijatoka Bibi Dionisia akachomeka kipande cha muhogo.

"Ana vidonda vya tumbo," akaeleza. "Akikaa bila kula anaumia."

"Na tena magnum haina teke," Bwana Rogath akaendelea, hamwachii. "Mtoto mdogo anaipiga huku anakunywa uji."

Bega la Mzee Bernardo likatikisika lenyewe. Akatafuna kwa kasi. Akameza. Akasimama wima, na ghala lote likaacha kupumua. Nyuma ya magunia kitu kikalia *cheng*.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nina maoni."

"Sema, mzee wangu! Sema bila woga!"

Mzee akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama dari, kikapu amekishika kwa mikono yote miwili.

"Soda yangu," akasema Mzee Bernardo kwa uchungu mkubwa, "ni ya moto."

Akakaa. Watu wakapumua. Bwana Rogath aliona kiti cha Lindi kinarudi nyuma taratibu kwa magurudumu yake.

Hapo Bibi Dionisia akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Mwanangu, usikasirike. Sisi hatusemi kwa sababu tumesikia hiyo ginamu yenyewe si kitu. Ni ya kupigia kanga. Gobole la marehemu babu yangu, la kushindilia misumari, lilikuwa kali kuliko hiyo."

"Nini?"

"Wanasema mbogo akipigwa na ginamu anageuka kuangalia nani kamrushia kokoto."

Ghala likaangua kicheko. Tumpe haki yake, Bwana Rogath alistahimili. Alistahimili mpaka Jumaa kinyozi alipoongeza kwamba hata yeye alisikia hivyo hivyo.

"Kokoto?" akafoka Bwana Rogath. "Mama, unajua unachosema? Mimi nimeishika ile bunduki! Kule ng'ambo ya mto Mbwemkuru, asubuhi, umande bado. Mbogo amesimama kama nyumba. Dume! Nikaweka bega, nikavuta pumzi, nikapiga. Moja! Mama, ile sauti huisikii kwa masikio, unaisikia kwa kifua. Mbogo akapiga magoti kama anayesali."

Alisema vizuri, lazima tukubali. Sauti yake ilikuwa imelainika, macho yako mbali, na mikono imeshika bunduki ambayo haikuwepo. Katika maisha yake ya vikao ndiyo mara ya kwanza watu walimsikiliza.

"Weee!" akasema Bibi Dionisia. "Ulipiga wewe mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu huu!"

"Mmoja tu?"

"Mmoja! Siku ile mmoja. Siku nyingine pofu wawili, wale swala wakubwa kama ng'ombe. Nyama tulijaza gari mpaka springi zikalala!"

"Na kibali mlipewa wapi, mwanangu? Tuige na sisi."

"Kibali cha nini, mama?" Bwana Rogath akacheka. "Tulikuwa viongozi watupu!"

Magunia yakaanguka. Titus na wenzake wakatoka kwa mpangilio mzuri, kama walivyoelekezwa, wakaangalia mabenchi yote. Fulana ya njano ilikuwa moja tu. Wakaisogelea.

"Hapana, hapana!" akasema Bwana Rogath akiwa juu ya mzani. "Siyo mimi! Mimi ndiye mwenyekiti!"

"Tulielezwa utasema hivyo," akasema Titus.

"Na nani?"

"Na mwenyekiti."

"Mwenyekiti ndiye mimi! Niliyekupigia simu!"

"Sauti ya mwenyekiti ni ya upole," akasema Titus, akamfunga pingu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akageukia ghala. "Kuna anayemfahamu huyu?"

Watu wakatazamana.

"Sisi tumemfahamu leo," akasema Bibi Dionisia. "Ila ameeleza vizuri sana. Hapa kwetu hakuna mtu anayejua bunduki namna ile."

Wakampakia nyuma ya pikapu. Bibi Dionisia akaja na kipande cha muhogo, akakiweka kwenye mikono iliyofungwa, akasema kwa sauti ya chini, "Safari nyingine, mwanangu, pingu msizipakie kreti moja na soda. Tuliposhusha kreti, pingu zililia."

Dereva akawasha gari. Ndipo Mzee Bernardo alipojikongoja mpaka kwenye bodi ya pikapu, akainama sikioni kwa mfungwa, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama mtu aliyebanwa haja tangu asubuhi. "Ncha laini kwa tembo ni kumkuna mgongo. Unataka ngumu, na si bega, ni nyuma kidogo ya mstari wa sikio. Na teke lipo! Nani kakudanganya halipo? Ila kwa mbogo uko sahihi. Inatosha kabisa. Ni risasi ya heshima." Akashusha pumzi ndefu, uso ukang'aa.

"Huyu!" akapiga kelele Bwana Rogath. "Huyu ndiye anayejua! Mkamateni huyu!"

"Mkikamatwa mnaanza kutaja wazee wa watu," akasema Titus kwa masikitiko, na gari likaondoka.

Halikufika mbali. Kwenye shamba la Bibi Dionisia tembo walikuwa wamejaa barabarani mchana kweupe, wakila mihogo iliyobaki bila haraka. Titus akasimamisha gari. Kati ya viti palikuwa na ile bunduki ya ofisi, magnum, imepakwa mafuta, inameta.

"Piga hewani!" akasema Bwana Rogath. "Unangoja nini?"

"Haina risasi."

"Kwa nini haina?"

"Tunasubiri maoni ya wawindaji. Mwenyekiti wa kamati hajasaini."

"Lete nisaini! Lete kalamu!"

Dereva alikuwa amekwisha kuzima injini, na wote waliokuwa mbele walikuwa wanapandisha vioo polepole. Nyuma hakukuwa na kioo.

Tembo mkubwa akaja ubavuni mwa pikapu. Mkonga ukaingia, ukauchukua muhogo kwenye mikono ya Bwana Rogath kwa adabu, ukarudi. Ukampapasa mgongoni, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma kwa shida, ukatulia pale penye mwisho wa neno.

"Mimi si mwindaji," akasema Bwana Rogath kwa sauti ndogo.